Mchanga Ndani ya Rili ya Baba

Tarehe 6 Februari

Kwa wifi yangu,

Pokea salamu nyingi, na pole na kazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo haukusumbui, na hao wenzako kiwandani wanakuheshimu kama wanavyopaswa. Namba yako ya zamani haipatikani tena, kwa hiyo nimeandika kwa sanduku la posta la kiwanda cha nguo, nikitumaini bado uko hapo unatengeneza vyerehani. Ukiona mwandiko mzuri kupita kiasi usishangae, ni wa mwalimu wa chekechea. Nimezoea kuandika herufi ambazo mtoto anaweza kuzifuata kwa kidole.

Mimi sijambo. Mdogo wako hajambo kwa kusema tu. Tarehe kumi na mbili mwezi uliopita alikwenda kuvua kama kawaida yake ya Jumapili, akasimama kwenye maji ya magoti na fimbo yake ya kuvulia, na hapo hapo kiharusi kikampiga. Wenzake walidhani amejikwaa. Walipomfikia alikuwa kifudifudi, ameilalia rili, kile chombo cha kukunjia uzi wa ndoano, na walipomkokota mpaka mchangani hakuiachia. Upande wa kulia wote umekufa: mguu, mkono na nusu ya mdomo. Maneno aliyobaki nayo ni manne. Anasema maji, basi, dada na hapana, na hilo la hapana ndilo la kazi zote. Ukimuuliza kama anataka chai anasema hapana huku anafungua mdomo.

Hilo neno la tatu ulisome tena, wifi. Dada hapa ni wewe peke yako.

Najua hamjasemezana miaka tisa. Sababu hakunieleza yeye, nilielezwa na jirani, tena nikiwa nimeshaolewa. Chumba tunacholala ndicho kilikuwa karakana ya baba yenu. Mimi nilipoingia nilikuta kitanda na pazia jipya, nikashukuru. Sikujua kwamba wiki moja kabla, mdogo wako alikuwa amezipakia zana zote za marehemu mzee wenu kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, wala kwamba wewe ulikuja likizo ukakuta pazia. Ningejua ningelala sebuleni.

Lakini leo nakuandikia kuhusu rili. Mkono wa kushoto unafanya kazi, na kitu pekee anachotaka kuufanyia kazi ni kuzungusha rili ile. Nimeifunga kwa kitambaa juu ya kibao cha kukatia mkate, namwekea mapajani, anazungusha kutwa. Sasa ilizama baharini na mchanga ukaingia. Inakwaruza, inakwama, ina sauti ya mtu anayetafuna wali wenye mawe. Akizungusha kidogo anaacha, ananitazama, anasema dada.

Nilijitahidi. Niliiweka chini ya bomba nikafungulia maji yote, kisha nikaimiminia mafuta ya kupikia. Imekuwa mbaya zaidi. Nakuomba uniandikie nifanye nini. Ama, na hili naliandika kwa herufi ndogo, uje uitengeneze mwenyewe.

Wifi yako


Tarehe 15 Februari

Wifi,

Barua imefika. Hujambo? Mimi mzima, mgongo uko pale pale. Pole sana kwa kuuguza. Mwambie nimesikia, na nampa pole.

Sasa tuje kwenye kazi. Mafuta ya kupikia? Ulitaka kuitengeneza au kuikaanga? Mafuta hayo yanaganda na kukamata mchanga kama gundi. Na bomba ndilo lililokuharibia kabisa, kwa sababu maji ya kasi yanausukuma mchanga mpaka ndani ambako wenyewe usingefika. Chombo kilichoingia mchanga kinaoshwa kwa maji ya taratibu. Na kuanzia leo mtu asiizungushe. Kila mzunguko mchanga unasaga meno ya gia. Mpe kitu kingine cha kushika.

Kabla hujafungua chochote, tafuta kelele inatoka wapi. Toa ile bobini inayobeba uzi, pale juu kuna kifundo unakilegeza kwa vidole. Ukishaitoa, zungusha mkono wa rili mara mbili tu, polepole, sikio karibu. Ikinyamaza, mchanga ulikuwa chini ya bobini, ufute na kazi imekwisha. Ikiendelea kukwaruza, tatizo liko tumboni. Hapo utafungua ubavu wake, una skurubu tatu au nne. Tumia bisibisi inayojaa kwenye skurubu, isiyojaa itaila kichwa. Tafuta treya ya mayai. Kila unachokitoa kiweke kwenye shimo lake kwa mpangilio, cha kwanza kulia, kingine kifuate, ili kurudisha uanzie kushoto. Mwalimu wa chekechea hawezi kushindwa na hilo.

Baada ya hapo niandikie umeona nini. Ukiisafisha yote na bado inakwaruza, itakuwa beringi, ile pete ambayo mhimili huzungukia ndani yake, na beringi haitengenezwi kwa barua. Inabadilishwa na mtu anayejua, kwa mikono yake.

Kuhusu yale uliyoandika kwa herufi ndogo, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri.

Dada wa mume wako


Tarehe 24 Februari

Wifi yangu mwenye macho mabovu,

Shikamoo, maana kwa ukali ule lazima nikuamkie. Za kazi? Za mgongo? Sisi tunaendelea. Mgonjwa amekula vizuri wiki hii, na juzi alikaa kwenye kiti robo saa bila kuegemea.

Nimefanya kama ulivyosema. Niliitoa bobini, nikazungusha mara mbili, bado ikakwaruza. Basi nikafungua tumbo. Kazi niliifanyia kitandani, kwenye shuka jeupe, ili naye aone. Wifi, sikujua kama mtu mwenye maneno manne anaweza kukugombeza kiasi kile. Nilishika bisibisi vibaya, hapana. Nilitaka kulazimisha skurubu, hapana. Kuna kispringi kiliruka, tukakitafuta mpaka nikakata tamaa, nikakikuta kwenye kikombe chake cha chai alichokuwa anakinywea. Alicheka kwa nusu ya mdomo, na mimi nikacheka, halafu nikaenda jikoni kulia kidogo. Sijambo sasa.

Ndani kuna mchanga wa kutosha kujaza kijiko. Mwingine umechanganyika na mafuta yangu, umekuwa uji mweusi kwenye meno ya gia.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike haraka. Nilipofuta ule mguu wa chuma unaofungwa kwenye fimbo, niliona herufi mbili zimechongwa kwa msumari. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, akasema dada, akaisukuma rili kuelekea mlangoni. Akarudia mara tatu. Ndipo nikaelewa kwamba herufi zile ni za jina la baba yenu, rili ilikuwa yake, na kwamba siku zote hizi haniambii nikuulize jinsi ya kuitengeneza. Anataka kukupa. Nilimuuliza kama niipakie kwenye basi ikufikie huko, akasema hapana, na mara hii mdomo ulifungwa. Anataka ikiwa nzima, na anataka kukukabidhi kwa mkono wake.

Daktari amesema kiharusi cha pili kikija hakitapiga hodi. Sikutishi. Nakueleza alivyonieleza.

Niambie niisafishe kwa kitu gani.

Wifi yako


Tarehe 4 Machi

Wifi,

Natumaini mgonjwa bado anakula. Mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo, na mkono wa kulia usiuache unaning'inia, uwekee mto.

Nilidhani ile rili ilikwenda na mkokoteni. Niliamini hivyo miaka yote tisa. Itakuwa siku ile alikuwa nayo ufukweni, ndiyo maana ilinusurika. Herufi zile nilizichonga mimi, baba alikuwa hajui kuandika vizuri kwa msumari.

Kazi. Chukua mafuta ya taa kwenye bakuli na mswaki wa zamani. Piga mswaki kila gia, jino kwa jino, mpaka mafuta ya bakuli yasibadilike rangi. Badilisha mafuta yakichafuka, usiwe mchoyo. Panapobana tumia kijiti chenye pamba. Kuna kigurudumu kidogo pale uzi unapopita kabla ya kuingia kwenye bobini, watu hukisahau. Nacho kina mchanga, kizungushe kwa kucha mpaka kiteleze. Kisha kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, uache vyote nje siku nzima kivulini. Halafu paka grisi kwenye meno tu. Kidogo, kama unavyompaka mtoto mafuta usoni, si kama unavyopaka mkate siagi. Pale panapozunguka, tone moja la mafuta ya cherehani. Rudisha vyote kwa kufuata treya yako.

Huyo mume wako tulimwita Kisiki, sijui kama amewahi kukuambia. Akisimama kwenye maji alikuwa habanduki hata wimbi lije la kifua, na baba alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Nilikuwa nimelisahau jina hilo. Sasa nikilikumbuka silipendi.

Kuhusu kuja, kiwandani kuna mashine arobaini na fundi ni mimi. Tutaona.

Dada wa mume wako


Tarehe 13 Machi

Wifi yangu,

Hujambo huko? Mashine arobaini zinakuonea? Sisi leo tuna nafuu. Mgonjwa ameongeza neno, anasema kesho. Ukimuuliza lolote la maana anakujibu kesho. Nimemwambia akiendelea hivyo atapata kazi serikalini.

Kazi nimeimaliza. Nilibadilisha mafuta ya taa mara sita. Kile kigurudumu kidogo ulichosema watu hukisahau, ningekisahau kweli. Nilikausha, nikapaka grisi kama mtoto usoni, nikarudisha vyote, hakikubaki kitu kwenye treya. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa mpaka watoto darasani wanaziba pua.

Lakini bado inakwaruza, wifi. Ni upande wa mkono wa rili, pale unapoingia mwilini mwake. Nimeangalia vizuri, ile beringi ya hapo imepasuka, nimeiona kwa macho yangu. Ukizungusha inasaga, hasa asubuhi. Wewe mwenyewe uliandika kwamba beringi haitengenezwi kwa barua, inataka mtu anayejua na mikono yake. Hapa hakuna anayejua. Wale wa ufukweni wakiona rili imeharibika wanainunulia mwenzake.

Basi sisi tunakusubiri. Anaweza kukaa kwenye kiti saa nzima sasa. Nitamtoa mpaka barazani siku hiyo.

Wifi yako


Tarehe 21 Machi

Wifi,

Hamjambo? Barua yako nimeisoma.

Beringi. Sawa. Nimekwenda kwa muuza vipuri, nimeiagiza. Anasema inatoka mbali, wiki tatu hivi. Ikifika nakuja nayo.

Usiifungue tena. Mwambie Kisiki dada yake anakuja na beringi.

Dada yake


Tarehe 1 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Barua yako nilimsomea mara mbili. Ile sehemu ya Kisiki nilimsomea mara tano, alikuwa anaitaka tena kwa kidole. Siku hiyo alikubali kunyolewa ndevu, kitu ambacho tangu Januari tulikuwa tunapigania.

Jumapili iliyopita amepata kiharusi kingine. Si kikubwa kama cha kwanza, lakini sasa kumeza ni shida, na mkono wa kushoto umeanza kutetemeka. Neno kesho limepotea. Namnywesha maji kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kinachukua muda.

Nakuomba uje. Njoo hata bila beringi. Rili inaweza kungoja, yeye sijui. Kuhusu hiyo beringi nina jambo nitakueleza ukifika, siwezi kuliandika. Wewe panda basi tu, wifi, uje kama ulivyo.

Wifi yako


Tarehe 9 Aprili

Wifi,

Poleni sana. Nimeipata barua leo.

Muuza vipuri ameniapia kwamba beringi inafika Alhamisi ijayo bila kukosa. Nitaichukua Alhamisi, Ijumaa namalizia mashine za mstari wa pili, Jumamosi tarehe 19 nitakuwa kwenu mchana.

Usinione nina moyo mgumu. Siwezi kuja mikono mitupu nikaketi kwenye chumba kile natazama ukuta. Nikiwa na kazi mkononi nitapata la kumwambia. Ni siku kumi tu. Mwambie asubiri, kusubiri anakujua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Dada yake


Tarehe 27 Aprili

Wifi yangu,

Salamu. Sijui niulize hali yako kwa maneno gani, kwa hiyo nauliza tu: umeamkaje? Ulifika kwako salama siku ile ulipotoka kwetu? Hukuniambia utafika saa ngapi, na mimi sikuuliza.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata Jumatatu. Nilimsomea, akafumba macho, nadhani alisikia. Jumanne asubuhi nilikuwa namnywesha maji, nikaona kijiko kimejaa na hakipungui. Tukamzika Jumatano. Ndugu wa hapa waliuliza kama tukusubiri, nikawaambia sina pa kukupata, na barua isingekuwahi. Wewe ukafika Jumamosi saa nane mchana na begi lako dogo.

Ulikaa nusu saa. Hukuvua viatu. Ulisimama mlangoni pa chumba, ukatazama kitanda, ukatazama ukuta, ukaweka kile kiboksi cha beringi mezani karibu na chai ambayo hukuinywa, ukaniambia pole, ukaondoka. Mimi nikakuacha uende. Watu walidhani ni msiba umeniziba mdomo. Haukuwa msiba peke yake, ndiyo maana naandika.

Beringi haikuharibika, wifi. Hakuna kilichopasuka. Rili ilipona tarehe kumi Machi, siku niliyorudisha vyote kutoka kwenye treya. Nilimwekea mapajani, akazungusha, haikutoa sauti yoyote. Akazungusha tena, akainamisha kichwa kusikiliza, halafu machozi yakamtoka upande ule mzima wa uso. Ulitengeneza rili kwa barua mbili, kutoka safari ya saa sita, na mikono ya mwalimu wa chekechea.

Uwongo ni wangu. Zamani, akiwa na maneno yake yote, alikuwa akisema: dada yangu haji kwa mtu, anakuja kwa kitu kilichoharibika. Nilikuwa nimeona kila nikikuuliza habari za kuja unanijibu habari za skurubu. Nikaogopa kwamba nikikuambia imepona utaandika "hongera" na basi. Nikamwambia, tumwandikie kwamba ni beringi. Alicheka, wifi. Alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Alikuwa radhi kabisa. Uliposema umeagiza, tuliangaliana kama watu wawili walioiba maembe.

Kwa hiyo wiki zile zote ulizokuwa unasubiri beringi, yeye alikuwa hapa na rili nzima mapajani, anakusubiri wewe. Kila Jumamosi, siku ambayo kiwanda chenu hufunga, alitaka nimwekee kiti kikiangalia geti. Likilia anageuza shingo. Tarehe mosi nilipokuandikia uje bila beringi, kalamu ilikuwa mkononi, ningeweza kuandika sentensi moja tu ya ukweli na ungekuja siku ya pili yake. Niliona aibu. Nikasema nitamweleza ana kwa ana.

Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Nilitaka kukuvuta, nikakuzuia. Alitaka kukukabidhi kwa mkono wake na hakuwahi, na kosa hilo nalala nalo, naamka nalo, nakwenda nalo darasani. Sikuombi unisamehe. Ungekuwa na haki ya kunichukia tangu siku ya lile pazia, sasa unayo haki mara mbili.

Rili naituma kwenye sanduku hili, pamoja na beringi yako. Ni yako. Nimeiacha na grisi yake.

Wifi yako


Tarehe 6 Mei

Wifi yangu,

Habari za siku? Unakula? Wanasema mfiwa hujisahau, na wewe ulikuwa mwembamba hata siku ile niliyokuona. Kula. Mimi mzima wa mwili.

Sanduku limefika. Rili nimeifungua kwenye meza yangu ya kazi, mbele ya wenzangu. Kazi yako ni safi. Washa moja, ile pete bapa ya chini ya skurubu, umeiweka kinyume, haidhuru kitu, nimeiacha kama ulivyoiweka.

Sasa nisikilize, na usome mpaka mwisho kabla hujalia.

Kwenye rili hiyo, upande wa mkono, hakuna beringi. Haijawahi kuwapo tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Iliyokuwapo ilivunjika, baba hakupata nyingine, akaniambia nichonge bushi, yaani pete nzima ya shaba, badala yake. Nilikaa nayo siku tatu kwenye karakana, nikaharibu mbili, ya tatu ikakaa. Ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya mwenyewe maishani. Wewe ulipoifungua uliiona, pete ya rangi ya njano, ukadhani ndiyo beringi yenyewe, maana neno hilo ulilipata kwangu.

Niliposoma barua yako ya Machi nilikuwa nimesimama dirishani kwa karani wa barua kiwandani. Nilijua kabla sijamaliza mstari. Kitu kisichokuwapo hakiwezi kupasuka. Nilijua rili imepona, nilijua unaniita, na nilijua naye yumo ndani ya ujanja huo, kwa sababu alinifanyia mengi ya namna hiyo tukiwa watoto. Hata nilitabasamu. Basi la kuja kwenu lilikuwa linaondoka saa saba, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilikwenda kwa muuza vipuri. Akaniuliza beringi ya mashine gani, nikamtajia saizi iliyonijia mdomoni. Aliposema wiki tatu nikamwambia hakuna haraka. Nilitoka pale nimefurahi, wifi. Nilikuwa nimepata wiki tatu na sababu ya kuzitumia. Na ulipoandika nije kama nilivyo, nilikuwa na sababu ile bado mfukoni, nikaitoa tena nikaitumia.

Hasira yangu iliisha zamani, mwaka wa tatu au wa nne. Niliendelea nayo kwa mazoea tu. Nilichokuwa nacho mwishoni ni woga. Niliogopa kumwona Kisiki hawezi kusimama. Niliogopa aniombe radhi kwa yale maneno machache aliyobaki nayo, na mimi nisijue la kumjibu, mimi mwenye maneno yote. Nikasema acha apate nafuu kidogo. Nikasema Jumamosi. Ulinidanganya siku moja. Mimi nilijidanganya kutoka Machi mpaka Aprili, nikijua.

Siku ile nilikuja nikiwa nimekusudia kuwaeleza wote wawili. Nilipofika nyumbani kwenu na kuona viti vimepangwa nje, nilielewa. Sikuvua viatu kwa sababu nilijiona sistahili kukaa. Nikakuachia kile kiboksi mezani, kana kwamba kina maana, nikakuacha na mzigo wangu mpaka leo. Hilo nalo liandike upande wangu.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilisema nimekusamehe. Ilikuwa nzuri, ungeisoma ukapumzika. Niliichana, kwa sababu ningekusamehe kosa ambalo ni langu, na ungeishi ukiamini hivyo. Hukunichelewesha, wifi. Hakuna siku hata moja ya zile wiki ambayo ni yako. Ulimfulia, ulimlisha, ulimgeuza, ukamchekesha mpaka akapaliwa. Usilale tena na hilo.

Sina haki ya kukuomba kitu. Lakini kama utanijibu, naomba uniandikie Jumamosi zile, moja moja. Kiti kilikaa wapi. Alivaa nini. Alikaa mpaka saa ngapi kabla hujamrudisha ndani, na alisema nini ulipomrudisha. Usinipunguzie. Usipojibu nitaelewa, sitaandika tena.

Wifi yako